Twaihesabu miti tusiyoijua kwa majina

Kila mwaka, katika majuma ya kwanza ya muhula, huwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi dogo lisilo na alama. Huwataka waandike majina ya miti kumi ya asili ya nchi hii, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama. Wengi wao ni walimu watarajiwa, na kalamu zao huanza kwa kasi: mwembe, mchungwa, mpera, mparachichi, mkalitusi, msonobari, saiprasi. Kisha kalamu husita, na macho huanza kutazama dari.

Tuitazame orodha hiyo kwa makini. Mwembe na mchungwa asili yake ni bara la Asia. Mpera na mparachichi ilitoka Amerika. Mkalitusi ni mgeni kutoka Australia, na saiprasi pamoja na msonobari tunaoupanda kwa wingi katika nyanda zetu za juu asili yake ni Meksiko na nchi jirani. Naam, miti saba imetajwa, na hakuna hata mmoja uliozaliwa hapa.

Mwaka huu nilingoja nione iwapo kuna atakayeandika mvule. Hakuna aliyeuandika, ilhali mlango waliopitia kuingia darasani umetengenezwa kwa mbao zake. Makala haya yanauhusu mti huo, na yanahusu pia lile pengo nililoliona katika karatasi za wanafunzi wangu.

Mvule ni mti wa misitu ya tropiki unaopatikana kuanzia Afrika Magharibi, kupitia Kongo na Uganda, hadi Tanzania na Msumbiji. Hapa Kenya humea pwani, hasa katika milima ya Shimba, na pia katika sehemu za magharibi. Wanasayansi huuita Milicia excelsa. Kabla ya 1982 uliitwa Chlorophora excelsa, na yamkini wapo walimu wakongwe wanaoukumbuka kwa jina hilo.

Mvule uliokomaa huweza kufikia kimo cha mita 50. Shina lake hunyooka kama mlingoti, aghalabu kwa mita 20 au zaidi bila tawi. Ni wa jamaa moja na mkuyu, mfenesi na mforosadi, na kama ndugu zake hao, ukitiwa jeraha hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Fauka ya hayo, mvule dume na mvule jike ni miti miwili mbalimbali, na ni ule wa kike tu unaozaa.

Mbao zake ndizo zilizoupa sifa, na ndizo zilizouponza. Ubao wa mvule ukiwa mpya huwa na rangi ya manjano, kisha kadiri unavyopata mwanga ndivyo unavyogeuka kuwa wa hudhurungi. Mchwa hawauwezi, na unyevu hauuozeshi upesi. Kwa sababu hiyo mafundi wameutumia kwa milango na fremu za madirisha, kwa vyombo vya baharini na vya ziwani, kwa meza za maabara na kwa madawati. Vumbi lake huwasha pua na ngozi, na seremala aliyeuzoea haupigi randa kabla hajajifunga kitambaa usoni.

Mimi niliujua mvule kabla sijajua isimu ni nini. Mnamo 1997 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya upili iliyokuwa katika Wilaya ya Kwale. Jina la shule naliacha, kwani nia yangu si kumwaibisha mtu. Pembeni mwa kiwanja cha michezo palikuwa na mvule mkubwa ambao wanafunzi watano tulioshikana mikono hatukuweza kuuzunguka. Chini yake ndipo tulipofanyia midahalo ya Kiswahili siku za Ijumaa, kwa kuwa shule haikuwa na ukumbi.

Mwaka ule shule ilikuwa na deni kubwa kwa wauzaji wa unga na maharagwe. Bodi ikaketi, na uamuzi ukatolewa kwamba mvule uuzwe. Siwezi kuwalaumu wote walioketi pale. Wanafunzi hawali kivuli, na wazazi waliokuwa wamekwama na karo walikuwa wengi.

Wapasuaji walifanya kazi kwa siku mbili. Siku ya pili, mti ukiwa tayari umelala chini, msumeno wa mota ulitoa mlio wa kuchukiza masikio, cheche zikaruka na mnyororo ukakatika. Ndani ya shina, mahali ambapo hapakuwa na ufa wala tundu, palikuwa na jiwe jeupe lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto.

Kazi ilisimama. Mpasuaji mmoja aliapa kwamba mti ule ulikuwa umezindikwa. Mwalimu wetu wa bayolojia alisema kwamba bila shaka zamani sana mtoto fulani alilichomeka jiwe katika panda ya mti, nao mti ukalimeza ukikua. Tulimwamini, maana alikuwa na shahada. Mzee aliyekuwa mlinzi wa shule, ambaye hakuwa na cheti chochote, alilitazama jiwe bila mshangao na kusema, "Hilo ni jiwe la mvule. Wapasua mbao wa zamani wanalijua." Sisi tulicheka.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na shahada zangu, nilikuja kusoma kwamba mzee alisema kweli tupu. Mvule hufyonza kalisi nyingi kutoka ardhini na kuihifadhi mwilini katika umbo la fuwele za oksaleti. Bakteria na kuvu huzigeuza fuwele hizo kuwa kaboneti ya kalisi, yaani madini yale yale ya mawe ya chokaa. Sehemu ya madini hayo huganda udongoni kandokando ya mizizi, na sehemu nyingine huganda ndani ya shina lenyewe na kuwa jiwe.

Watafiti wa Uswisi waliouchunguza mti huu nchini Kodivaa, na ambao walianza kuchapisha matokeo yao mnamo 2004, walionyesha jambo la kustaajabisha zaidi. Mvule huweza kutengeneza chokaa katika udongo ambao kiasili hauna chokaa. Kaboni iliyokuwa hewani huingia katika majani, hupitia mtini, na mwishowe hufungiwa ardhini ikiwa jiwe. Majani yakianguka huoza na mbao huungua, lakini jiwe hilo hudumu udongoni muda mrefu baada ya mti kutoweka.

Basi lile jiwe tulilolicheka lilikuwa na habari ambayo leo ulimwengu mzima unaitafuta, ya namna ya kuiondoa hewani kaboni inayolipasha dunia joto. Na ufunguo wa habari hiyo ulikuwa katika maneno matatu ya mlinzi: jiwe la mvule. Jambo likishapewa jina, maana yake wapo watu waliokwisha kuliona zaidi ya mara moja, wakalitambua na kulihifadhi. Mwalimu wetu hakuwa mjinga. Alikosa tu jina, na kwa kulikosa jina aliliona jiwe lile kama ajali.

Pesa za mvule zililipa deni. Muhula uliofuata tulipanda mikalitusi 1,000 katika sherehe iliyohudhuriwa na wakubwa. Aliyehutubu alisema, "Tumetoa mti mmoja, tumerudisha elfu moja." Watu walishangilia. Nami nilipiga makofi.

Nimeirudia hesabu hiyo akilini mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu naiona sasa ikiwa hesabu ya taifa zima. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 69, inailazimu serikali kujitahidi kuhakikisha kwamba miti inafunika angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Mnamo Desemba 2022 ilizinduliwa kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Ni malengo mema, na anayeyabeza hana budi kutuonyesha mbadala wake.

Hata hivyo, tuchunguze maneno. Ukaguzi wa kitaifa wa rasilimali za misitu wa 2021 ulionyesha kwamba miti ilifunika asilimia 12.13 ya nchi, ilhali misitu ilifunika asilimia 8.83. Hizo ni nambari mbili kwa sababu miti na misitu ni maneno mawili. Shamba la mikalitusi ni miti. Ua la misaiprasi kando ya uwanja wa kanisa ni miti. Msitu ni jambo jingine, kwa kuwa ndani yake kuna aina nyingi zinazotegemeana, na kila aina ina jina na kazi yake. Twaweza kulifikia lengo la miti, tena tukalipita, huku misitu yetu ikizidi kupungua.

Mvule wenyewe unatufunza somo hili. Tuseme shule fulani imezinduka na kuamua kupanda mivule 1,000 mstari kwa mstari, kama tulivyopanda mikalitusi. Kuna mdudu mdogo sana anayeitwa kitaalamu Phytolyma ambaye hutaga mayai juu ya machipukizi ya mvule. Makinda yake hupenya ndani ya tishu laini, chipukizi huvimba vinundu, vinundu hupasuka na kuoza, na ncha ya mche hufa. Mche ukichipua tena hushambuliwa tena. Mashamba ya mivule mitupu katika Afrika Magharibi yameangamizwa kwa njia hii.

Mdudu huyo hupata taabu pale ambapo mvule umetawanyika miongoni mwa miti mingine, na majaribio yaliyofanywa Ghana yameupa uzito mkuu upandaji wa mchanganyiko. Wakulima wa Uganda tangu zamani wameiacha mivule isimame mmoja mmoja katika mashamba yao, hasa Busoga. Mbegu nazo husambazwa na popo wanaokula matunda yake usiku na kuziangusha mbali. Mche ukiota panapo giza la msitu mzito hudhoofika. Hutaka mwanga wa uwazi. Kwa ufupi, mvule huhitaji mume, mke, popo, majirani na miongo kadhaa ya subira. Mti wa namna hii haupandwi kwa amri ya siku moja, na hauingii vyema katika hesabu ya bilioni.

Huenda msomaji akauliza, mwanaisimu ana kazi gani msituni? Kazi yangu ni majina, na jina la mti huu lina mengi ya kusimulia. Waswahili wauita mvule, wingi mivule. Waganda wauita muvule. Shina la neno ni lile lile, na kiambishi cha ngeli ni kile kile kilichokaza sauti kidogo kwetu. Maana yake ni kwamba kutoka Bahari ya Hindi hadi ziwa la Nyanza watu waliujua mti mmoja kwa jina moja kabla ya ramani yoyote kuchorwa.

Wanafunzi wangu hupenda kudai kwamba mvule umetokana na kivuli, kwa kuwa una kivuli kikubwa. Dai hili ni tamu lakini halina mashiko. Waganda wana muvule, ilhali kivuli kwao ni ekisiikirize. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa udugu wa maneno, kama vile watu wawili wenye pua zinazofanana si lazima wawe wamezaliwa tumbo moja. Nalitaja jambo hili kwa sababu mwanafunzi asiyeujua mti wenyewe huambulia kubahatisha asili ya jina lake.

Afrika Magharibi, Wayoruba wauita iroko na Waakani wa Ghana wauita odum. Katika biashara ya mbao za Kongo hujulikana kama kambala. Katika masoko ya Ulaya jina lililotamba ni iroko, kwa kuwa jina husafiri na meli iliyobeba mzigo. Waingereza nao waliupa jina la msaji wa Afrika. Kosa lililoje! Msaji ni mti wa Asia, wala hauna undugu wowote na mvule. Mswahili hakuyachanganya hayo mawili kamwe, ingawa mafundi wake walichonga milango kwa mbao zote mbili. Alikuwa na msaji na alikuwa na mvule, na aliponunua alijua anachokinunua.

Majina pia hubeba sheria. Marehemu Wangari Maathai, aliyeanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mnamo 1977 na kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mnamo 2004, alisimulia jinsi mamake alivyomkanya asiokote kuni za mugumo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Mugumo ni wa jamaa hiyo hiyo ya mvule. Mtoto yule hakupewa mhadhara kuhusu chemchemi na mizizi. Alipewa jina, na pamoja na jina akapewa mpaka wa kutovukwa. Kwetu pwani, misitu ya kaya za Wamijikenda ilisalia kwa namna iyo hiyo, wazee wakizuia miti isikatwe ovyo, hata ikatambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mnamo 2008. Nje ya mipaka ya kaya, mahali ambapo neno la mzee halikufika, shoka lilifika.

Mwaka jana nilialikwa katika shule ile ile kuzungumza na watahiniwa. Mikalitusi yetu ilikuwa imeshakatwa na kuuzwa ikiwa nguzo, ikachipua, ikauzwa tena. Siulaumu mkalitusi, umeilipia shule mahitaji mengi. Nilipokuwa nikielekea mahali uliposimama mvule, nilimkuta msichana wa kidato cha pili akilima kando ya ua. Ilikuwa siku ya usafi.

Miguuni pake palikuwa na rundo la majani aliyoyang'oa, na katika rundo hilo mlikuwamo mche wenye urefu wa mkono. Niliuinua. Majani yalikuwa na meno madogomadogo pembeni, jinsi yalivyo majani ya mvule mchanga, na mahali ulipokatika palitoka tone jeupe. Bila shaka popo ndiye aliyeileta mbegu, kwani hakuna binadamu aliyeipanda. Nilimuuliza binti yule huo ni mti gani. Akanijibu kwa heshima, "Ni magugu tu, mwalimu."

Jembe lilikuwa limeukata mzizi mkuu, na hapakuwa na la kuokoa. Nilimwambia jina lake. Alilirudia mara mbili, kisha akaniuliza iwapo kuna mwingine hapo shuleni. Tuliuzunguka ua wote tukitafuta, na hatukuupata.

Binti yule hakufanya kosa lolote. Alitumwa kung'oa magugu, na kwa mtu asiyejua majina, kila kisichopandwa ni gugu. Sisi tulioketi chini ya mvule ule tukajifunza midahalo ndio tuliomnyima neno. Wahenga walisema kwamba penye miti hapana wajenzi. Laiti wangekuwapo leo wangeongeza kwamba penye miti hapana waijuao.

Basi nina ombi kwa walimu wenzangu, na silipeleki serikalini kwa kuwa halihitaji bajeti. Unapofundisha ngeli ya M-MI, acha kidogo mifano ya mkono na mkate. Watoe wanafunzi nje, uwaonyeshe mti uliopo, na sentensi zao ziwe juu yake. Kila darasa liwe na daftari la miti ya kijiji, lenye jina la Kiswahili, jina la lugha ya mama, jina la kisayansi, na yale ambayo wazee husema juu ya kila mti. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa bayolojia walishike daftari hilo pamoja. Lau sisi tungekuwa nalo mnamo 1997, mlinzi wetu angekuwa mwalimu kwa siku moja.

Na shule itakapopanda miti, ipande iliyochanganyika, na miongoni mwayo kuwe na mvule mmoja au miwili pale panapoufaa. Anayeupanda pengine hatauona ukikomaa. Hilo si hasara, maana hata ule uliolipa deni letu la unga haukupandwa na yeyote kati ya walioushangilia ukianguka.

Nanyi wanafunzi, kabla hamjaniandikia mkalitusi katika orodha ya miti yetu ya asili, nendeni kwa babu na nyanya mkawaulize majina. Wala msichelewe. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Na mzee mwenye majina akifariki, miti yenyewe hubaki magugu.

Mwandishi ni mhadhiri wa isimu katika chuo kikuu kimoja nchini.